Upinde wa kwanza: mambo ya kuangalia kabla ya kununua upinde mfupi wa wapanda farasi

Mtu aliyeko Kasanga, wilayani Kalambo, anaweza leo kufungua simu na kukuta tangazo la upinde mfupi uliovikwa ngozi, ncha zake zimepinda kwenda mbele kama pembe za swala. Muuzaji yuko China au Hungaria. Tangazo linasema ni upinde wa asili, bei yake ni nafuu, na unamfaa anayeanza. Picha inavutia, hasa kwa kijana anayetaka kujifunza kulenga shabaha kama mchezo.

Kabla hujatuma pesa, msikilizaji, kuna mambo machache ya kujua. Upinde unaomfaa mtu anayeanza hauchaguliwi kwa sura, wala kwa jina la kabila lililouanzisha. Unachaguliwa kwanza kwa uzito wa kuvuta. Ukikosea hapo, utapoteza pesa ambazo zingenunua mbolea ya msimu, na unaweza kuumia bega au vidole. Makala hii inaeleza namna ya kuchagua, namna ya kupima kwa vitu vilivyopo nyumbani, na mahali ambapo sheria haikuruhusu kuubeba upinde.

Upinde wa wapanda farasi ni upi?

Ni upinde mfupi, kwa kawaida kati ya inchi 48 na 58, yaani sentimita 120 hadi 150 hivi. Ulitumiwa na watu waliopigana na kuwinda wakiwa juu ya farasi, kama Wamongolia, Waturuki na Wahungaria. Kwa mpanda farasi, upinde mrefu kama yeye mwenyewe ni usumbufu, kwa sababu unaweza kugonga shingo ya mnyama anapogeuka kulia au kushoto. Kwa hiyo mafundi wao walitafuta njia ya kupata nguvu nyingi katika upinde mfupi.

Walibandika vitu vitatu pamoja. Katikati ni mti. Tumboni, upande unaomtazama mrushaji, waliweka pembe ya mnyama, kwa kuwa pembe inastahimili kubanwa. Mgongoni, upande unaotazama shabaha, waliweka kano za wanyama, kwa kuwa kano zinastahimili kuvutwa. Vyote viliunganishwa kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi au samaki. Upinde mmoja wa namna hiyo uliweza kuchukua miezi mingi kukamilika, kwa sababu kila tabaka lilisubiri lililotangulia likauke. Mwaka 2019 UNESCO iliuweka urushaji mishale wa jadi wa Uturuki katika orodha ya urithi wa binadamu.

Pinde za bei nafuu zinazouzwa leo kwenye simu hazina pembe wala kano. Ndani yake kuna faiba, kitu kilekile kinachotengenezea baadhi ya boti, au matabaka ya mti yaliyobandikwa faiba juu na chini. Ngozi unayoiona kwenye picha ni vazi tu. Hilo si kosa. Kwa anayeanza, faiba ni bora kuliko pembe, kwa kuwa gundi ya asili hulegea kwenye unyevu na joto, na hapa ukanda wa ziwa vyote viwili vipo.

Kwa nini hatukuwa nao?

Sehemu kubwa ya nchi yetu ina mbung'o, na ugonjwa wanaoueneza kwa mifugo huua farasi haraka. Ndiyo maana Ufipa ilijulikana kwa ng'ombe, mahindi, ulezi na ufuaji wa chuma, na si kwa farasi. Aliyewinda kwa upinde alitembea kwa miguu, na mtu wa miguu halazimiki kufupisha upinde wake kwa ajili ya farasi.

Mfano wa karibu zaidi ulio hai ni Wahadzabe, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Upinde wao ni kipande kimoja cha mti, mara nyingi jamii ya mkole, na uzi wake ni kano za mnyama. Mishale huwekwa manyoya ya ndege kama kanga. Upinde wa mwanamume mzima ni mzito sana: kuuvuta hadi mwisho ni kama kunyanyua kilo 30 hivi. Mgeni mwenye misuli huuvuta nusu tu akaishia hapo.

Lakini Mhadzabe hakuanza na upinde huo. Mtoto wa kiume hupewa kijipinde chake akiwa na umri wa miaka 3 hivi, chepesi, cha kulengea matunda na ndege wadogo. Anapokua, upinde nao unabadilishwa, mwaka hadi mwaka. Anapofika utu uzima mgongo wake umeshazoea, na mkono unajua njia bila kuambiwa. Mtu mzima wa Kasanga anayenunua upinde wa paundi 50 kwa mara ya kwanza anaruka miaka 15 ya mazoezi kwa siku moja.

Uzito wa kuvuta: pima kwa ndoo

Pinde za kununua huandikwa uzito kwa paundi. Paundi 1 ni karibu nusu kilo. Kwa usahihi zaidi, paundi 22 ni kilo 10. Uzito huo si wa upinde wenyewe ukiwa mezani. Ni nguvu unayotumia kuvuta uzi hadi mwisho.

Njia rahisi ya kuelewa ni ndoo. Ndoo ndogo ya lita 10 ikijaa maji ina kilo 10 na zaidi kidogo. Huo ndio upinde wa paundi 22 hadi 24. Ndoo kubwa ya lita 20 ina kilo 20 na ushee. Huo ni upinde wa paundi 45. Sasa fikiria unaivuta ndoo ya lita 20 kwa vidole vitatu, mkono wa pili umenyooka mbele, unaishikilia karibu na shavu huku unalenga, na unarudia hivyo mara 60 kwa siku. Ndicho unachonunua ukichagua paundi 45.

Viwango vinavyofaa kwa anayeanza ni hivi:

- Mtoto wa miaka 8 hadi 12: paundi 10 hadi 15 (kilo 5 hadi 7).
- Kijana wa sekondari, au mtu mzima mwenye mwili mdogo: paundi 15 hadi 25 (kilo 7 hadi 11).
- Mtu mzima mwenye nguvu za kazi za shamba au za kuvuta nyavu: paundi 25 hadi 30 (kilo 11 hadi 13 na nusu).

Mvuvi au mkulima anaweza kusema, "Mimi nabeba gunia, paundi 30 ni za mtoto." Nguvu za kubeba gunia ziko miguuni na kiunoni. Upinde unavutwa na misuli iliyo kati ya mabega, ambayo kazi nyingi haziigusi. Jaribio ni hili: vuta uzi hadi mwisho, hesabu polepole hadi 10, kisha urudishe taratibu bila kuuachia. Kama mikono inatetemeka kabla ya 10, au umelazimika kuuelekeza upinde juu angani ili uvutike, upinde huo ni mzito kwako.

Kama kuna upinde mkononi na hujui uzito wake, unaweza kuupima. Ulaze mshikio wake juu ya boriti imara, uzi ukiwa chini. Ning'iniza ndoo kwenye uzi, kisha ongeza maji kidogo kidogo hadi uzi ushuke kufikia urefu unaouvuta wewe. Kaa pembeni, usisimame chini ya boriti. Lita za maji ndizo kilo; ongeza uzito wa ndoo yenyewe. Mizani ya kuning'iniza inayotumika mwaloni kupimia samaki inafanya kazi hiyo haraka zaidi.

Urefu wa kuvuta: mikono yako ndiyo kipimo

Nyoosha mikono yote miwili pembeni, kama msalaba. Mwenzako apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ya mkono wa pili. Gawanya kwa 2.5. Ukipata sentimita 170 kwa mikono, urefu wako wa kuvuta ni sentimita 68, yaani inchi 27 hivi.

Namba hiyo ina kazi mbili. Kwanza, upinde usiwe na kikomo kifupi kuliko wewe. Pinde nyingi za bei nafuu mwisho wake ni inchi 28 hadi 30. Mtu mrefu akizidisha hapo, upinde unaweza kukatika. Pili, uzito ulioandikwa kwa kawaida umepimwa kwenye inchi 28. Ukivuta pungufu, uzito unashuka kwa paundi 2 hivi kwa kila inchi. Wauzaji wengine hupima kwenye inchi 32, kwa hiyo muulize kabla ya kulinganisha bei.

Urefu wa upinde wenyewe una maana pia. Upinde mfupi sana, uzi wake hukunjika kwa pembe kali unapovutwa na kuvibana vidole. Pia kosa dogo la mkono huupeleka mshale mbali na shabaha. Ukichagua kati ya inchi 48 na 56 kwa bei moja, anayeanza achukue 56.

Aina nne za bei nafuu

Faiba tupu iliyovikwa ngozi. Ni ya bei ya chini kuliko zote za kununua, mara nyingi kati ya dola 50 na 100 kabla ya usafiri. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi 125,000 hadi 250,000. Inavumilia mvua na makosa. Ubaya wake ni kwamba hutikisa mkono baada ya kuachia mshale.

Matabaka ya mti na faiba. Bei yake iko juu zaidi, mkono unatulia, na mshale unaenda kasi. Adui yake ni joto: usiiache juani, kwenye gari lililofungwa, wala darini chini ya bati.

Upinde wa mti mmoja wa hapa kwetu. Huu si wa wapanda farasi, lakini ni wa bei ndogo kuliko yote na unafundisha vizuri. Mti uwe umekauka kivulini kwa miezi kadhaa, usiwe na vifundo, na uwe na urefu unaokaribia kimo chako. Fundi auchonge upande wa tumboni tu, mgongo auache na nyuzi zake nzima, hadi pande zote mbili zipinde sawasawa. Uuweke mbali na mchwa.

Bomba la plastiki la maji. Vijana hulipasha moto na kulipinda lifanane na upinde wa Mongolia. Tahadhari: plastiki iliyopigwa na jua kwa muda mrefu hupasuka, na asubuhi ya baridi huko juu Sumbawanga, mwezi wa 6 au wa 7, huwa ngumu na kukatika vipande vyenye ncha. Usimpe mtoto upinde huu.

Upinde wa wapanda farasi una faida moja kubwa kwa familia. Hauna kitako cha kuwekea mshale. Mshale unakaa juu ya ngumi. Kwa hiyo anayetumia mkono wa kulia na anayetumia wa kushoto wanaweza kuutumia uleule. Vaa glavu au funga kitambaa kwenye mkono unaoshika upinde, maana manyoya ya mshale hupita hapo na kuchana ngozi.

Kagua kabla ya kulipa, au mara tu mzigo unapofika

- Funga uzi, kisha uutazame upinde kwa urefu wake kama unavyotazama ubao kama umenyooka. Uzi upite katikati ya pande zote mbili. Ukielemea upande mmoja, upinde umejikunja, na unaweza kugeuka ghafla ukifungwa.
- Pitisha kidole kingoni. Ufa, tabaka lililoinuka au uvimbe chini ya ngozi ni sababu ya kuurudisha.
- Vuta polepole, nusu tu. Sauti ya kupasuka haitakiwi.
- Angalia uzi. Ukiwa na nywelenywele au nyuzi zilizokatika, ubadilishe kwanza.

Jambo moja huwaponyoka wengi. Upinde wa namna hii ukiwa haujafungwa uzi hupinda kwenda mbele, kinyume na unavyopinda ukiwa kazini. Asiyejua hufunga uzi upande usio wake, akivuta mara ya kwanza upinde unakatika. Tafuta alama za mfereji wa uzi kwenye ncha, na mwombe mwenzako akusaidie kufunga. Baada ya mazoezi fungua uzi, upinde upumzike.

Na usivute kisha ukaachia uzi bila mshale. Nguvu iliyotakiwa kwenda na mshale inarudi ndani ya upinde na kuupasua.

Uzi na mishale

Uzi ukikatika, mtu wa mwaloni atafikiria kwanza uzi wa nailoni wa nyavu. Nailoni inanyumbuka, kwa hiyo upinde unapoteza nguvu na uzi unalegea katikati ya mazoezi. Tumia uzi wa poliesta usionyumbuka, nyuzi kadhaa zilizosokotwa pamoja.

Mishale nunua au tengeneza 6 inayofanana kwa urefu na unene. Matete yaliyokauka vizuri yanafaa kwa upinde mwepesi. Mshale uzidi urefu wako wa kuvuta kwa sentimita 5 hadi 8, ili ncha isirudi nyuma ya ngumi na kukuchoma mkono unapoachia. Tumia manyoya ya ndege, si plastiki, kwa kuwa manyoya hulala yanapopita kwenye mkono na plastiki husukuma mshale pembeni. Mshale mwepesi mno huumiza upinde sawa na kuachia bila mshale. Kwa upinde wa paundi 25 usishuke chini ya gramu 13.

Kabla ya kila zamu pinda kila mshale kidogo ukiwa karibu na sikio. Ukisikia mlio wa ufa, uvunje na uutupe. Mshale wenye ufa unaweza kukatika unapoachiwa na kuingia mkononi. Chembe ya chuma yenye makali haina kazi kwenye mazoezi. Ncha butu inatosha.

Mahali pa kurushia

Upinde wa paundi 25, mwepesi kama ulivyo, unaweza kutupa mshale zaidi ya mita 100. Chagua mahali penye ukingo wa udongo au kichuguu kikubwa nyuma ya shabaha, pasipo njia ya watu, wala mifugo, wala watoto wanaochota maji. Shabaha iwe gunia lililoshindiliwa nguo chakavu au nyasi kavu. Mchanga huvunja mishale. Anza kwa hatua 5 hadi 10. Wote wasimame mstari mmoja, na asiende mtu kuchukua mishale hadi kila upinde uwe chini. Mtoto asiachwe peke yake na upinde, hata mwepesi, kwa sababu jicho lililotobolewa halirudi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kifungu cha 17, inakataza kukutwa na bunduki, upinde au mshale ndani ya pori la akiba bila kibali cha maandishi. Si lazima uwe umewinda. Kukutwa navyo ni kosa. Huku kwetu hilo linahusu mapori kama Lwafi na Uwanda. Sheria ya Hifadhi za Taifa nayo inakataza kuwa na silaha hifadhini bila kibali, na barabara ya Sumbawanga kwenda Mpanda inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ukiwa na upinde kwenye basi la njia hiyo, omba ruhusa ya hifadhi kabla ya safari. Kuwinda bila kibali ni kosa popote.

Kwa mazoezi ya kijijini, mwarifu mwenyekiti wa kijiji na mtendaji mahali mtakapolengea. Kama unaagiza kutoka nje ya nchi, uliza forodha kuhusu ushuru na masharti kabla ya kulipa, kisha ujumlishe na nauli. Upinde wa dola 60 unaweza kukufikia kwa gharama ya mara mbili yake.

Urushaji mishale ni mchezo wa Olimpiki, na Afrika Mashariki imo. Mwaka 2016 huko Rio de Janeiro, aliyebeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Olimpiki alikuwa mrusha mishale, Shehzana Anwar.

Kwa ufupi

1. Jua urefu wako wa kuvuta: mikono iliyonyooshwa, gawanya kwa 2.5.
2. Mtu mzima aanze na paundi 20 hadi 30, asizidishe.
3. Kati ya pinde mbili fupi, chukua iliyo ndefu zaidi.
4. Faiba kwanza, matabaka ya mti baadaye, pembe na kano ni kwa wazoefu.
5. Tenga pesa ya mishale 6, uzi wa akiba na glavu kabla ya kulipia upinde.
6. Usiuachie uzi bila mshale, usiuache upinde juani.
7. Usiingie nao kwenye pori la akiba wala hifadhini.

Kama pesa bado haijatosha, chonga upinde mwepesi wa mti, ujifunze nao miezi 3, mara 3 kwa wiki. Ukifika mahali ambapo mishale 6 inaingia kwenye gunia kwa hatua 10 bila bega kuuma, ndipo ufungue tena lile tangazo kwenye simu.